Kabla ya kutangaza usugu: kwa wanaoanza kupima mbu wa Aedes

Dawa imepulizwa mtaa mzima, na kesho yake watu bado wanaumwa na mbu. Wengi hukimbilia kusema mbu wamekuwa sugu. Inawezekana kabisa, kwa sababu Aedes aegypti, mwenezaji mkuu wa dengue, chikungunya, Zika na homa ya manjano mijini, ameshakuwa sugu kwa piretroidi (kundi la dawa za kuua wadudu kama deltamethrini na permethrini) katika sehemu nyingi za dunia. Lakini dawa ya kupuliza hewani humuua tu mbu aliyeguswa na tone lake, na Aedes hupenda kujificha ndani: nyuma ya kabati, chini ya kitanda, kwenye nguo zilizotundikwa. Mashine ikitoa matone mazito kuliko yale ya mikroni 10 hadi 30 yanayohitajika, yanaanguka chini kabla ya kumfikia. Ukipuliza usiku wa manane, mbu huyu wa mchana ametulia mafichoni. Dozi pungufu nayo huzaa malalamiko yaleyale. Kazi yako ya kupima ni kutenganisha sababu hizi, na matokeo mengi mabaya huwa yameshaharibika kabla mbu hajaingia kwenye mrija wa kupimia.

Anza na mayai. Mtego wa mayai ni chombo cheusi chenye maji, na ndani yake kitambaa au karatasi ngumu iliyozungushwa kwenye ukingo wa maji. Uondoe kabla ya kutimia wiki moja, la sivyo umewafugia wenyeji mbu. Kosa kubwa la wageni wa kazi hii ni kukuta tairi moja lina viluwiluwi mia tatu na kufurahi kwamba sampuli imepatikana. Viluwiluwi hao huenda ni watoto wa mama wawili watatu. Utapima familia, kisha utaandika jina la mji. Tandaza mitego kwenye nyumba nyingi zilizoachana, chukua mayai machache kutoka kila mtego, uyachanganye. Mtego wenye mayai mengi usiachwe uwameze wengine.

Karatasi ya mayai isianikwe papo hapo. Iache na unyevu siku mbili tatu ili kiinitete kikomae, ndipo uikaushe taratibu kivulini. Yai lililokaushwa likiwa changa hubonyea, na halitaanguliwa. Likikomaa na kukauka vizuri, hudumu miezi. Siku ya kuangua tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuwa upungufu wa oksijeni ndio unaoyaamsha mayai.

Malezi yanabadilisha majibu kuliko wengi wanavyodhani. Viluwiluwi wakibanana au wakikosa chakula hutoa mbu wadogo, dhaifu, wanaokufa kwa dozi ambayo mbu aliyelelewa vizuri angeistahimili. Hapo unatangaza kuwa dawa inafanya kazi wakati haifanyi. Takriban viluwiluwi 200 kwa lita moja ya maji ni kiasi kinachofaa. Wakishatoka, hakikisha aina: Aedes aegypti ana alama nyeupe za umbo la kinubi mgongoni, Aedes albopictus ana mstari mmoja mweupe katikati. Wasipimwe pamoja.

Kwa kipimo cha mirija cha Shirika la Afya Duniani unahitaji majike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanyonya damu, waliolishwa maji ya sukari ya asilimia 10. Madume yatolewe, kwani hufa kirahisi zaidi na yatapandisha idadi ya vifo. Weka majike 20 hadi 25 kwa kila mrija, mirija minne yenye karatasi ya dawa na miwili yenye karatasi isiyo na dawa. Kwanza waache saa moja kwenye mirija ya kutulia na uondoe waliojeruhiwa na kifyonzeo, yaani kifaa cha kuwanyonya na kuwahamisha mbu. Kisha wahamishie kwenye dawa kwa dakika 60, halafu uwarudishe kwenye mirija safi, wapewe sukari, na vifo vihesabiwe baada ya saa 24. Joto liwe nyuzi 27, likipanda au kushuka kwa 2 tu, na unyevu karibu asilimia 75. Joto hubadilisha ukali wa piretroidi, kwa hiyo mirija iliyosimamishwa dirishani kwenye jua haina maana yoyote.

Jaza mirija isiyo na dawa kwanza, ndipo ya dawa, na usirudi nyuma kwa kifyonzeo kilekile. Chembe ndogo iliyobaki kwenye glavu au kwenye wavu wa mrija inatosha kuua kundi la ulinganisho, yaani mbu wa mirija isiyo na dawa. Karatasi za dawa hutunzwa kwenye jokofu zikiwa zimefungwa. Zitoe mapema zifikie joto la chumba kabla ya kuzifungua, vinginevyo unyevu utagandia juu yake. Andika tarehe ya mwisho na idadi ya mara ilizotumika. Baada ya mara 6 itupwe.

Soma lebo ya karatasi mara mbili. Kipimo cha Aedes si cha Anopheles, mbu wa malaria. Kwa deltamethrini, Aedes aegypti hupimwa kwa asilimia 0.03, Anopheles kwa 0.05, kwa permethrini ni 0.4 dhidi ya 0.75. Maabara zilizozoea malaria huwa zimejaza karatasi za Anopheles, na ukizitumia kwa Aedes utawaua hata wenye usugu wa kiasi, kisha uandike kwamba hali ni shwari.

Saa ya kuhesabu, mbu asiyeweza kusimama wala kuruka ni mfu, hata kama anatikisa mguu. Aliyepoteza miguu lakini anaruka ni mzima. Kubalianeni juu ya hili kabla ya kuanza, maana wahesabu wawili wenye macho tofauti hutoa namba mbili tofauti kwa mrija mmoja. Vifo vya asilimia 98 na kuendelea: dawa inawaua. Chini ya 90: usugu umethibitika. Katikati yake: rudia kwa mbu wengine. Kundi la ulinganisho likifa zaidi ya asilimia 20, tupa kipimo chote. Likiwa kati ya 5 na 20, rekebisha: toa vifo vya ulinganisho kwenye vifo vya dawa, gawanya kwa mia pungufu ya vifo vya ulinganisho. Dawa imeua asilimia 88 na ulinganisho 10, basi ni 78 kwa 90, yaani takriban asilimia 87.

Njia ya chupa ya CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, hutumia chupa ya mililita 250 iliyopakwa ndani mililita 1 ya asetoni yenye dawa. Kwa deltamethrini ni mikrogramu 10 kwa chupa, na kikomo ni dakika 30. Chupa huzungushwa hadi asetoni ipae yote, kisha hukauka gizani. Asetoni iliyobaki huua yenyewe. Baada ya kuosha, weka kwanza mbu wanaojulikana kuwa si sugu ndani ya chupa tupu: wakifa, chupa haijatakata.

Kuna jambo ambalo jedwali la vifo halioneshi, nalo linatuhangaisha kuliko mengine yote. Mabadiliko ya jeni kwenye mlango wa sodiamu wa mishipa ya fahamu, mahali piretroidi zinapopiga, kama F1534C na V1016G, kwa kiasi kikubwa humlinda mbu aliyeyarithi kwa mama na kwa baba pia. Mwenye nakala moja hufa. Jeni hiyo ikiwa imefikia asilimia 10 ya nakala zote, wenye nakala mbili ni asilimia 1 tu, na kipimo chako kitaonesha vifo 99: hakuna tatizo. Ikifika 20, ni asilimia 4. Mirija inapoanza kupiga kelele, jeni imeshatapakaa. Kwa hiyo hifadhi mbu wa kila kipimo, waliokufa na waliopona, katika vichupa tofauti vyenye vikaushio, ili jeni zao zisomwe baadaye. Ukiwatupa, umetupa nusu ya kazi.

Wakipona wengi, pima ukali wa usugu kwa dozi mara 5 na mara 10 ya ile ya kawaida, kisha jaribu PBO (piperonili butoksidi): karatasi yake ya asilimia 4 kwa saa moja, halafu papo hapo karatasi ya dawa. PBO hudhoofisha vimeng'enya vinavyovunja sumu. Vifo vikirudi juu, vimeng'enya vinahusika. Visipobadilika, ulenge zaidi mlango wa sodiamu. Kutoka permethrini kwenda deltamethrini si kubadilisha dawa, maana zote hupiga mahali pamoja, palepale ilipopiga DDT. Kuhamia organofosfeti, kundi jingine la dawa linalopiga mahali tofauti, ni mabadiliko ya kweli, ila upime kwanza.

Kwenye viluwiluwi, temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi, ya chenga za asilimia 1 huwekwa gramu 10 kwa lita 100 za maji. Ili kupima usugu, weka viluwiluwi 25 wa hatua ya tatu mwishoni au ya nne mwanzoni katika maji ya mililita 100, kwa dozi kadhaa, na ulinganishe dozi inayoua nusu yao na ile ya mbu wa maabara wasio sugu. Ikizidi mara 10, usugu ni mkubwa. Piriproksifeni, dawa nyingine ya viluwiluwi, haipimwi hivi. Haiui kiluwiluwi kwa saa 24, humzuia mbu asitoke kwenye pupa. Funika vyombo kwa chandarua, endelea kulisha, subiri hadi kundi lisilo na dawa limalize kutoka, uhesabu mbu walioruka wakiwa wazima. Aliyekwama nusu ndani ya ganda anahesabiwa kuwa amekufa.