Ramani zetu zimo kwenye flashi: tufundishane nini kwa siku tatu?

Swali: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mkutubi, nipo Chake Chake. Nimepewa kazi ya kuandaa mafunzo ya vitendo ya siku tatu kwa wakutubi na watunza nyaraka wa Unguja na Pemba, juu ya kuhifadhi data za ramani. Tunazo ramani za karatasi zilizoskaniwa, mafaili ya wapima ardhi na picha za droni. Wengi wetu hatujawahi kugusa programu ya ramani. Tuanze na nini, na tufanyie mazoezi data gani?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Fanyieni mazoezi data zenu wenyewe. Kila mshiriki aje na flashi yenye faili moja linalomsumbua: halifunguki, au linafunguka mahali sipo, au hajui limetoka kwa nani. Nimehudhuria mafunzo ambayo data zote zilikuwa safi, za nchi nyingine, na kila kitu kilikwenda vizuri mpaka siku ya kurudi kazini. Wakutubi wa ramani wanaokutana Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika Geo4LibCamp iliyoanza 2016, huachia sehemu ya ratiba ipangwe na washiriki wenyewe. Huo ndio mtindo wa kuuchukua.

Siku ya kwanza nzima wapeni koodineti, yaani namba zinazoonesha kitu kiko wapi juu ya ardhi. Najua mtaona ni nyingi, lakini hapa ndipo data za Zanzibar zinapoharibikia. Ramani zetu nyingi za zamani zimepimwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Vipokezi vya GPS na picha za droni vinatumia WGS 84. Yote miwili huandikwa kwa kanda ile ile, UTM 37 Kusini (UTM ni mpango wa kuigawa dunia katika kanda za ramani), na tarakimu zake zinafanana kwa macho: Mji Mkongwe uko kwenye mita 521,000 hivi kwenda mashariki na 9,319,000 hivi kwenda kaskazini. Ila ukiisoma namba ya mfumo mmoja kana kwamba ni ya mwengine, kitu kinahama karibu mita 300. Niliwahi kuletewa data za nyumba za Nungwi kutoka ofisi moja, hazina maelezo yoyote. Nilipoziweka juu ya picha ya droni, safu nzima ya nyumba ilikuwa imesimama baharini, kaskazini ya ufukwe. Aliyepima hakukosea hata kidogo. Hapakuwa na mtu aliyeandika kwamba ni Arc 1960.

Kwa hiyo jambo la kwanza la mkutubi anapopokea faili ni kuuliza: mfumo gani? Asipopata jibu, afungue QGIS, programu ya ramani ya bure, aliweke faili juu ya picha ya droni na atazame kitu asichoweza kukikosea. Kwenu Pemba uwanja wa Gombani unafaa sana. Kikiwa kimesogea kaskazini na kidogo magharibi, ajue ni Arc 1960 iliyopewa jina lisilo lake. Namba ya kuchagua ndani ya programu ni 21037 kwa Arc 1960 na 32737 kwa WGS 84, kanda hiyo hiyo ya 37 Kusini.

Wafundisheni pia tofauti ya mambo mawili ambayo hata wapima ardhi huyachanganya: kuliambia faili jina la mfumo wake, na kuzihamisha koodineti zenyewe kwenda mfumo mwengine. La kwanza ni kurekebisha lebo, namba hazibadiliki. La pili linabadilisha namba. Mtu akibadili lebo tu akidhani amehamisha, kosa linakaa ndani ya faili na lebo mpya inalifunika. Lirudieni zoezi hili mpaka kila mmoja alifanye bila kushikwa mkono.

Suala la aina za mafaili lisiwachukulie muda. Shepufaili, aina ya faili la ramani mtakayoletewa sana, ni kundi la mafaili yanayotembea pamoja, lile linaloishia na .prj ndilo linalobeba jina la mfumo, na ndilo watu wanaloliacha wanaponakili. Majina ya safu zake yanaishia herufi 10, hivyo “idadi_ya_watu” na “idadi_ya_watoto” yote mawili yanakatwa yakawa “idadi_ya_w”. Pokeeni kinacholetwa, mtunze nakala yake ya asili bila kuigusa, kisha mtengeneze nakala ya GeoPackage, aina nyengine ya faili la ramani, ambayo ni faili moja tu.

Siku ya pili ni ya metadata, yaani maelezo yanayoieleza data yenyewe, na hapa wakutubi ndio mafundi. Jedwali la kawaida linatosha kuanzia: jina, aliyetengeneza, mwaka wa kupima (si mwaka wa kuskani), mfumo wa koodineti, eneo, nani anaruhusiwa kulitumia. Kwenye eneo msiandike jina peke yake. Michenzani iko mjini Unguja na iko nyengine Mkoani, Pemba. Ng'ambo huandikwa na ritifaa (alama ya ') au bila. Ramani za kigeni huandika Zanzibar zikimaanisha Unguja peke yake. Kubalianeni orodha moja ya majina, na kila jina lifuatane na shehia na wilaya.

Tengeni pia saa moja ya kuzungumza juu ya picha za droni. Mradi wa Kamisheni ya Ardhi na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ulioanza 2016 ulipiga picha visiwa vyote viwili, kwa undani wa sentimita 7 hivi, yaani kila nukta ya picha ni sentimita 7 hivi za ardhi. Kwa kupanga mji ni hazina. Lakini kwa undani huo uani kwa watu kunaonekana, na uani kwetu ni sitara ya nyumba. Mkutubi ajue picha ipi inatolewa kwa kila mtu na ipi inaombwa kwa barua.

Siku ya tatu badilishaneni kompyuta. Aliyetoka Unguja aitafute ramani ya mwenzake wa Wete kwa kusoma jedwali tu, bila kumuuliza, aifungue na aoneshe imekaa pahala pake. Ikimshinda, jedwali lirekebishwe hapo hapo, kabla wenzenu hawajapanda boti.