Kuwashirikisha wanaume bila kuwaita watuhumiwa

Ndugu, umeuliza kwa nini wanaume wengi hujitenga wanapoalikwa kuzungumzia namna ya kuzuia ukatili wa kijinsia. Nionavyo mimi, wengi huitwa kama watuhumiwa, ilhali hata mwanamume ambaye hajawahi kumwinulia mwanamke mkono ana wajibu mzito, nao ni kukemea pale rafiki yake anapojisifu kwamba amempiga mkewe huku wenzao wakicheka. Kampeni ya Utepe Mweupe, iliyoanzishwa na wanaume nchini Kanada mwaka 1991 baada ya wanawake 14 kuuawa mjini Montreal mwaka 1989, inadai ahadi hiyohiyo: kutotenda ukatili, kutouunga mkono na kutounyamazia. Kwa wavulana, anzeni mapema, kabla hawajazoea kuambiwa kwamba mwanamume halii, kwa maana mtoto aliyeruhusiwa kusema "nimeumia" huzoea kuyatoa machungu yake kwa maneno badala ya ngumi. Nakusihi pia muwasikilize kwanza wanawake wanaowahudumia manusura, kwani vikao vya wanaume visivyowajibika kwao huweza kugeuka mahali pa kutafutiana visingizio.