Mama akisema anataka kwenda kwao

Ikifika saa kumi na moja jioni, mama yangu alikuwa anajifunga kitenge kiunoni, anachukua mundu na kuelekea getini. "Naenda kwetu Machame. Ng'ombe hawajakatiwa majani."

Nami nyuma yake: mama, hapa Boma Ng'ombe ndipo kwako, babu alishafariki, ng'ombe walishauzwa. Siku ya kwanza alilia kama mtu aliyepata habari za msiba muda ule ule. Kesho yake nikamwambia tena, akalia upya. Wiki ile nilimpa mama yangu msiba wa baba yake mara tatu.

Ndugu yangu unayeuguza, usibishane naye. Siku hizi namwuliza ng'ombe yupi ana maziwa mengi. Anaanza kusimulia, tunatembea hadi mgomba wa mwisho, anachuma majani mawili matatu, tunarudi kupika. Mundu niliuficha.

Tulipoteza karibu miaka miwili tukisema ni uzee tu, na jirani mmoja alianza kunong'ona habari za uchawi. Nchi hii vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo. Ukiyasikia kuhusu mzazi wako, toka useme waziwazi kwamba anaumwa, na ugonjwa unaitwa dimensia, ugonjwa wa ubongo unaomla mtu kumbukumbu. Si sisi peke yetu: utafiti uliofanyika hapa hapa wilayani Hai mwaka 2010 uliwakuta nao wazee kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Na wanaofika umri huo wanazidi kuongezeka.

Mpeleke hospitali mapema, maana si kila usahaulifu ni dimensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea kazi, sonona, hata maambukizi ya njia ya mkojo humvuruga mzee akili, na hivyo vinatibika. Dimensia yenyewe bado haina dawa ya kuiponya. Usimpe vidonge vya mafua vya kuleta usingizi ili alale. Nilijaribu usiku mmoja, akaamka amechanganyikiwa kuliko alivyolala. Namba yangu ya simu nimeidarizi kwenye pindo la kila kitenge chake.

Lakini mzigo wenyewe hasa ni usiku. Kaka zangu walikuwa wanatuma hela kila mwezi, Mungu awabariki, ila hela haiamki saa nane usiku mama anapogonga mlango akidai afunguliwe. Nilikonda, nikaanza kumfokea, nikajichukia. Ndipo nikaitisha kikao cha familia, nikasema sitaki hela zaidi, nataka zamu: kila mmoja wiki moja, alale chumba cha jirani na mama.

Kaka mkubwa alikuja kutoka Dar kwa zamu yake ya kwanza, nikaenda kwa binti yangu Arusha kulala. Siku ya tatu, saa kumi na moja jioni, akapiga simu kwa sauti ya chini: "Dada, yule ng'ombe wa maziwa mengi alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia amwulize mama.