Ukiongeza nguvu, masafa hayapandi

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nimebadilisha ruta ya Wi-Fi nyumbani, na hii mpya ina nguvu zaidi. Jirani anasema nguvu ikizidi masafa nayo hupanda, mwisho mawimbi yanakuwa kama ya eksirei. Ananishauri ninunue kidude cha kubandika kwenye simu "kipunguze masafa". Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Swali hili nimelijibu hadi nimechoka, ila kosa si lako wala la jirani. Ni la wanaouza hivyo vidude.

Masafa, yaani mara ngapi wimbi hutikisika kwa sekunde, huamuliwa na chanzo cha wimbi. Saketi ya ruta husukuma elektroni za antena mbele na nyuma mara bilioni 2.4 kwa sekunde, na wimbi hutoka na hesabu hiyohiyo. Likipenya ukuta hupungua kasi, urefu wake ukafupika, lakini masafa hayaguswi. Sasa kibandiko kitayapunguza kwa lipi?

Ukali, yaani kiasi cha nguvu ya wimbi kinachokufikia, ni habari nyingine: hutegemea nguvu inayotolewa na umbali wako. Pakiwa wazi, ukisogea mara mbili ya umbali, ukali unabaki robo.

Linalonikera ni kuchanganya haya mawili. Ruta hutoa takribani sehemu moja ya kumi ya wati. Oveni ya maikrowevu, kwa karibu masafa yaleyale, hufungia ndani wati 700 na zaidi. Hiyo ingekuunguza, naam, lakini kwa joto, haigeuki eksirei. Eksirei huogopwa kwa kuwa hung'oa elektroni kwenye atomu, na hilo linahitaji nishati ya kutosha ndani ya fotoni moja, yaani kifungu kimoja kidogo kabisa cha nishati ya wimbi, na nishati hiyo hufuata masafa peke yake. Fotoni ya ruta ni dhaifu mno, karibu mara milioni moja. Watu elfu wakirukia dari na hakuna anayeifikia, kuleta elfu wengine hakusaidii.

Kidude cha simu ama hakifanyi lolote, ama kinaziba antena na simu inalazimika kuongeza nguvu ili iufikie mnara. Tena hiyo ni nafuu. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi, ANVS, iliwaonya watu waache kuvaa bidhaa kumi, zikiwemo mikufu na bangili ya watoto. Vipimo vilionyesha zinatoa mionzi ileile ya kung'oa elektroni. Baadhi ziliuzwa kama kinga dhidi ya 5G. Muulize jirani yako kama anajua hicho anachokushauri ununue kimetengenezwa kwa kitu gani.