Deiwaka akianguka mtini, nani analipa?

SWALI: Nina kampuni ndogo ya kukata na kupogoa miti Dar es Salaam. Kazi zikizidi naita wapandaji deiwaka na kuwalipa kwa siku. Mara nyingine kazi nzima namwachia fundi mwenye watu wake na chenso (misumeno ya mashine) zake. Nimekata bima ya dhima kwa umma. Inatosha?
Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Haitoshi, na tundu liko kwa hao deiwaka. Bima hiyo hulipa madai ya watu wa nje: jirani aliyevunjiwa vigae, mpita njia, gari lililoegeshwa chini ya mti. Anayekufanyia kazi hahesabiwi humo, na kwa kawaida mkataba unasema hivyo waziwazi. Akivunjika mguu, njia yake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambako mwajiri wa sekta binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa bila kumkata mfanyakazi hata senti.

Utasema anajitegemea. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 hakiangalii mnaitana nani. Mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja: unamwelekeza afanyeje, unampangia saa, unampa vifaa, au amekufanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 ni pungufu hata ya siku 6 za saa 8! Mpandaji aliyevaa mkanda wako, akashika chenso yako na kusubiri umwoneshe tawi la kuanzia, huyo ni wako. Malipo yake yaingie kwenye orodha unayopeleka WCF, na akiumia, toa taarifa huko ndani ya siku 7 tangu ulipojua.

Fundi mwenye timu yake ni habari nyingine, kwa sababu watu wake ni mzigo wake. Ila kabla hajawasha mashine, chukua nakala ya cheti chake cha usajili WCF na ya mkataba wake wa bima ya dhima. Kavanoti, ile hati fupi ya kuonesha kwamba bima ipo, peke yake haikuoneshi masharti, na masharti ndiyo yanayoangusha madai. Jina liwe la huyo unayeingia naye mkataba, si la kampuni ya kaka yake. Tarehe zifunike siku zote za kazi. Shughuli iliyotajwa iwe kukata miti. “Usafi wa bustani” hautakusaidia mnazi ukilalia paa. Tazama kama kuna kikomo cha urefu, au kama kazi karibu na nyaya za umeme imeondolewa. Kiwango cha fidia kwa tukio moja kisipungue chako.

Kwa nini usumbuke hivyo? Mteja atakudai wewe kwanza, maana mkataba ni wako. Mikataba mingi ya bima pia inakutaka uwe umehakikisha fundi uliyempa kazi ana bima. Ukishindwa kuonesha nakala, madai yanaweza kukataliwa. Na mwambie dalali wako wa bima mapema kwamba unagawa kazi. Ukificha, bima yenyewe inaweza kutenguliwa siku unayoihitaji.

SWALI: Tawi la mwembe lililofungwa kamba liliyumba likapasua tangi la maji la jirani. Nimlipe yaishe?
Msomaji, Tegeta

JIBU: Mpe pole, lakini usikiri kosa wala kuahidi pesa kabla ya kuijulisha kampuni ya bima, ahadi yako inaweza kukuharibia madai. Piga picha za fundo, kamba, pale tawi lilipokatwa na tangi lenyewe kabla hamjafagia. Andika nani alikata, nani alishika kamba na kila mmoja analipwa na nani. Kisha soma kiasi cha kwanza unachopaswa kubeba mwenyewe: kikizidi bei ya tangi, utalipa mfukoni, ila taarifa uitoe vilevile, jirani asije akarudi mwezi ujao na ufa wa ukuta.