Kijana wako akipangwa mstari wa mbele

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, kijana mwenye umbo kubwa akijiunga na futiboli ya huku, makocha humpeleka mstari wa mbele. Wanasimama watano: wanamkinga kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, na kumfungulia njia mwenzao anayekimbia na mpira. Jina la mwanao hutalisikia likitangazwa, labda akifanya kosa. Basi msifuni nyumbani, tena kwa kutaja kazi aliyoifanya.

Mimi nimemlea mmoja hadi akamaliza chuo, na jambo ninalotaka mlijue mapema ni chakula. Uzito ule hauji wenyewe. Likizo, saa nne usiku, mwanangu alikuwa anakaa mezani ameshashiba, jasho linamtoka, na bado anajilazimisha kumaliza wali na maharage. Kwenye NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, wengi wa wachezaji wa mstari huo wanazidi kilo 135. Maadamu yuko mazoezini mwili unahimili. Akiacha, mazoea ya kula yanabaki, magoti na presha vinaanza. Kwa hiyo mpango wa kupungua upangwe na daktari kabla ya mechi ya mwisho. Sisi tulianza kwa kuuondoa ule mlo wa usiku, kisha akahamia kuogelea ili kuyapumzisha magoti.

Mwonyesheni Joe Thomas, mchezaji wa mstari wa mbele aliyetoka Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 2007, timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Cleveland Browns walimchagua akiwa wa 3, na siku hiyo yeye alikuwa na baba yake Ziwa Michigan wakivua samaki. Hakukosa kuwepo uwanjani hata mara moja timu yake ilipoanzisha shambulizi, mara 10,363 mfululizo, mpaka msuli wa mkono ulipochanika Oktoba 2017. Alistaafu mwaka uliofuata, akapunguza zaidi ya kilo 20.

Masomo nayo yasisubiri. John Urschel, naye wa mstari wa mbele, alisoma hisabati Chuo Kikuu cha Penn State huku akicheza, akaenda timu ya NFL ya Baltimore Ravens, akastaafu 2017 akiwa na miaka 26. Leo ana shahada ya uzamivu ya MIT, chuo maarufu cha sayansi na teknolojia. Wanaofika NFL ni wachache mno, na hata huko mikataba mingi haimlindi mchezaji kikamilifu akiachwa.

Kocha wa chuo akija nyumbani kumtaka kijana, mkaribisheni vizuri, kisha muulizeni: vijana wake wangapi wa mstari wa mbele wamehitimu, na ufadhili wa masomo unakuwaje goti likivunjika? Ombeni majibu kwa maandishi kabla mtoto hajasaini.