Maswali na Majibu: Kuanzisha Kampuni ya Mafunzo na Ushauri Elekezi kwa Watengenezaji wa Vifaa vya Nyuklia

Wasomaji wa Dodoma na Singida wameuliza namna ya kuanzisha kampuni inayofundisha na kushauri viwanda vinavyotengeneza mabomba, vali, nyaya na vyuma vya mitambo ya nyuklia.

Shikamoo Mwalimu. Nina karakana Kizota na nimekagua uchomeleaji wa mabomba kwa muda mrefu. Je, biashara hii ina wateja ilhali nchi yetu haina kinu cha nyuklia?

Marahaba. Wateja wapo, ila wengi wako mbali. Kituo cha nyuklia cha Koeberg cha Afrika Kusini kinazalisha umeme tangu mwaka 1984, na Misri inajenga vinu vinne huko El Dabaa, kila kimoja cha megawati 1,200, ambako zege la kwanza lilimwagwa mwaka 2022. Miradi ya namna hiyo huhitaji vipuri vingi mno, na baadhi ya viwanda vinavyoombwa kuvitengeneza havijawahi kumhudumia mteja wa nyuklia. Hapo ndipo mkufunzi anapohitajika. Hata hivyo, anza na wakandarasi wa mabomba, matangi na boila walio hapa nchini, uwafundishe nidhamu ile ile ya ukaguzi na kumbukumbu, kwa sababu hao ndio watakaokulipia kodi ya ofisi katika miaka ya mwanzo.

Mimi niko Manyoni, ambako urani imetafutwa kama ilivyotafutwa Bahi. Mgodi ukifunguliwa, si ndilo soko letu?

Ni soko, lakini la aina nyingine. Mgodi unahitaji mafunzo ya kujikinga na mionzi, vumbi na gesi ya radoni, pamoja na usafirishaji salama wa urani. Hayo yana wataalamu wake, na mtaala wa mtengeneza vali hautamfaa mwenye mgodi.

Nianze kufundisha somo gani?

Anza na ufuatiliaji wa malighafi, kisha uhakiki wa ubora kwa jumla. Kanuni za Marekani zina vigezo 18 vya uhakiki wa ubora, na kiwango cha NQA-1 cha ASME, yaani Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani, kimepangwa kwa kuvifuata. Kipo pia kiwango cha kimataifa cha ISO 19443 cha mwaka 2018, kilichojengwa juu ya ISO 9001, kiwango cha usimamizi wa ubora, kwa ajili ya wagavi wa sekta hii. Mwanafunzi akikariri vigezo vyote bila kugusa chuma, hajajifunza kitu. Mpe bamba la chuma lenye namba ya myeyuko, yaani namba ya mkupuo wa chuma lilikotoka, iliyogongwa kiwandani, mpe na cheti chake, halafu mwambie alikate vipande viwili. Fundi wa kawaida atawasha mashine mara moja. Fundi wa nyuklia kwanza atahamishia namba ile kwenye upande usio nayo, mkaguzi atie saini, ndipo akate, maana kipande kisicho na namba hakina cheti, na kisicho na cheti hakiingii kwenye kazi hata kama macho yanaona ni chuma kile kile. Fanyeni hivyo pia kwa elektrodi, yaani vijiti vya kuchomelea: nani alizitoa kwenye oveni, saa ngapi, zimetumika kwenye kiungo kipi.

Nalisisitiza hili kwa sababu madhara yake yameshaonekana. Mwaka 2012 Korea Kusini iligundua kwamba vipuri vya vinu vyake viliuzwa kwa vyeti vya kughushi, na vinu viwili vikazimwa ili vipuri hivyo vibadilishwe. Mkufunzi asiyeweza kumweleza fundi wake kwa nini saini ya uongo ni hatari kuliko kiungo kibovu asiingie katika kazi hii.

Nisajili wapi, na je, ninunue mashine ya radiografia, ile ya kupiga picha za mionzi kukagua viungo?

Sajili kampuni BRELA, upate namba ya mlipakodi TRA na leseni ya biashara. Ushauri elekezi wa kihandisi unahitaji usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na ukitaka kuwa chuo chenye tuzo zinazotambuliwa kitaifa, nenda NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Mashine usinunue kwanza. Chanzo cha mionzi hakimilikiwi bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, na iridiamu-192, chanzo kinachotumika katika radiografia, hupungua nusu ya nguvu kila baada ya siku 74 hivi, uwe na kazi au usiwe nayo. Mkodi mwenye leseni.

Wateja wanataka niwape cheti cha kiwanda cha nyuklia. Niwajibu nini?

Wajibu kwamba huna mamlaka hayo. Cheti cha ASME hutolewa na ASME yenyewe baada ya kukikagua kiwanda, na cha ISO 19443 hutolewa na taasisi za uthibitishaji. Kazi yako ni kumwandaa mteja mpaka awe tayari kukaguliwa. Wala usijiite mkaguzi mkuu kabla ya wakati: chini ya NQA-1 anatakiwa awe ameshiriki kaguzi zisizopungua tano ndani ya miaka mitatu, moja ikiwa ya nyuklia ndani ya mwaka wa mwisho. Kama hujafika hapo, ingia ubia na aliyefika, na mgawanyo wa malipo uandikwe kwenye mkataba kabla ya kazi ya kwanza.